Mahindi ya Kuliwa Mwisho

Kilima kilipoteremka na nyumba ya mama, kila mtu aliuliza watu watakula nini. Mimi niliuliza mama atalala wapi. Kwa asiyetujua hilo si swali hata kidogo. Nilikuwa nimeolewa, nakaa Khayega, karibu tu na pale, kwenye nyumba safi ya mabati yenye kitanda cha wageni ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukilalia. Lakini nyumba hiyo ilikuwa ya mkwe wake, na mama yangu hakuwa mtu wa kulala chini ya paa la mkwe wake, hata inyeshe mvua ya mawe.

Wengine siku hizi wanalala, nawaona. Mama mkwe anakuja kutibiwa, anakaa mwezi mzima, anaangalia runinga na mkwe wake kwenye kochi moja, na dunia haijaisha. Mama aliwaita hao watu wa barabarani. Kwake yeye mkwe aliheshimiwa kwa umbali. Akimwona mume wangu anakuja njiani, aliingia kwenye majani chai ya watu, akageuza uso, akamsalimu huku akiangalia vilima: "Mkwe, hamjambo huko?" Na mume wangu, mtu mzima, baba wa watoto, mwenyekiti wa vijana wa kanisa, alisimama ng'ambo ya njia akikagua viatu vyake: "Hatujambo, mama." Tukienda kumtembelea alichinja jogoo wake bora, ingokho ya maana, akampelekea mtu wa kumwandalia, kisha yeye akala jikoni mlango ukiwa umerudishwa. Walipendana hivyo. Nasema walipendana, na sitaki mtu acheke.

Siku kilima kilipoanguka mama alikuwa amekwenda kisiagi kusaga mahindi, na ndiyo sababu alipona. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka ardhi ikachoka. Alirudi akakuta tope jekundu mahali palipokuwa na boma, na migomba imesimama kichwa chini miguu juu. Majirani wa upande wa juu hawakupona, na hao sitawasimulia, wana wenyewe. Nilimkuta mama mbele ya kanisa, unga bado uko kichwani, hana sufuria ya kuupikia.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Kwa mkwe?"

"Kwangu."

"Kwako ni kwa nani?"

Kisha nikajaribu tena, maana mimi si mtu wa kunyamaza sana. "Mama, kilima kimeanguka. Mungu mwenyewe ameona. Nani atakulaumu?"

"Kilima ndicho kimeanguka," akasema. "Mimi sijaanguka."

Basi akalala kanisani pamoja na wengine waliopoteza nyumba. Mtoto wake mwingine, kaka yangu, alikuwa Nairobi akiishi chumba kimoja na wenzake, na mama hata hakutaka kusikia habari ya Nairobi. Nilimletea godoro na blanketi kutoka kwenye kile kitanda changu cha wageni. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikawakaripia watoto bila sababu, nikalala nikisikiliza mvua ikipiga mabati yangu mazuri.

Vijana ndio walioshika kazi ile. Serikali ilikuja, ikaangalia, ikapiga picha, ikasema itarudi. Vijana hawakungoja. Nisieleweke vibaya, kwetu ujana wa kanisa hauishi mpaka upate mvi, kwa hiyo nami nilikuwa kijana, na mume wangu ndiye mwenyekiti. Tulikodi mkokoteni, tukaazima kipaza sauti, wasichana wa kwaya wakatangulia wakiimba, tukapita soko la Khayega kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. "Kutoa ni moyo, si utajiri!" mume wangu alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Watu walitoa. Muuza mitumba alitoa makoti mazito ya watu wa baridi kali. Waendesha boda boda walijitolea kubeba bila malipo. Mama wa mboga alitoa kabeji, akazifuta tope kwanza kwa kanga yake. Mwingine alituletea kiatu kimoja cha kulia, nikamrudishia nikamwambia msaada si jalala, akanitukana, nikamtukana, mume wangu akaja kunivuta mkono. Tulicheka siku ile. Naikumbuka kwa sababu ndiyo ya mwisho tuliyocheka.

Mazao yakajaa kanisani. Vijana wa Khwisero wakatuma habari kwamba wana ndizi na mihogo, twende kuchukua. Mfanyabiashara mmoja alileta magunia ya omena, dagaa wakavu wa ziwani. Sasa mume wangu alikuwa pale kanisani kutwa nzima, akipanga, akigawa, akiamua nani apate turubai na nani angoje. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana mama naye alikuwa pale pale. Mume wangu akiingia kwa mlango wa mbele, mama alitoka kwa mlango wa kando akasimama mvuani. Akijua mama yuko ndani, mume wangu alizunguka nje na kuagiza mambo kupitia dirishani. Watu walianza kucheka chini chini.

Nyuma ya madhabahu kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea ngoma na viti vya watoto wa nasari. Kina mlango wa mbao unaofunga vizuri na dirisha moja ambalo kioo chake kilivunjika zamani, vijana wakaliziba kwa nailoni mvua isiingie. Tulikifanya stoo. Asubuhi moja nikakuta mama amehamisha godoro lake humo.

"Huku ni pazuri," akaniambia. "Mkwe wangu ana kazi ya watu wengi. Asiwe anazunguka nje ya kanisa kama mwizi kwa sababu ya mama mzee."

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana. Kulikuwa na ukuta, kulikuwa na mlango, hakuna mtoto wa mtu wa kumkanyaga usiku. Mume wangu alipoambiwa alishukuru, na kutoka siku hiyo hakukaribia mlango ule. Akitaka kitu cha stoo, alituma mtu. Mtu alibisha, mama akasema karibu, kitu kikatolewa. Tuliona tumepata dawa ya tatizo letu.

Baba mkwe wangu analima mahindi Mautuma, kule Lugari kwenye mashamba makubwa yaliyokuwa ya wazungu. Huko watu wanajua mahindi kama sisi tunavyojua watoto wetu. Mume wangu alimpigia simu, mzee hakuuliza maswali mawili. Alitoa kwenye ghala lake mwenyewe, si yale mabovu ya kulisha ng'ombe, bali yale aliyokuwa akiyaweka bei ipande. Yakaja kwa lori dogo siku ambayo mume wangu amekwenda Khwisero kuleta ndizi. Mimi ndiye niliyempokea dereva.

"Mzee amesema haya yasifunguliwe sasa," dereva akaniambia. "Yakae kwanza."

"Yakae mpaka lini?"

"Ati wiki ijayo hivi. Amesema mkule mengine kwanza."

Nikasema moyoni, huyo ndiye mkwe wa watu! Wengine wanaleta msaada wapigwe picha, yeye anafikiria njaa ya baadaye, wakati kelele zitakuwa zimekwisha na hakuna atakayetukumbuka. Nikawaambia vijana hayo yatakuwa ya kuliwa mwisho. Wote wakaona ni busara. Mume wangu aliporudi akaambiwa, "Ya mzee tumeweka, tutakula mwisho," naye akaona ni busara pia. Magunia yakaingizwa stoo yakapangwa ukutani, kuzunguka godoro la mama pande zote isipokuwa ya mlango. Mama alikuwa ameketi katikati akitoa maagizo kama fundi.

"Leta hilo huku, upepo unapitia hapa. Hapo, hapo! Sasa nimejengewa nyumba."

Asubuhi iliyofuata aliniambia hakuumwa na mbu hata mmoja. Kanisa zima lilikuwa likijikuna, yeye alikuwa amelala kama bibi harusi. Siku iliyofuata akatoka na panya aliyekufa, amemshika mkia, akamtupa kwenye tope. Alasiri akatoa mwingine. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakacheka. "Hata panya wa kanisa wanaheshimu chakula cha msaada," mmoja akasema. Panya hafi bure, kila aliyelelewa kijijini anajua hivyo, lakini wiki ile tulikuwa tumetoka kuzika watu, na panya ni kitu kidogo. Mende nao walilala chali kando ya mlango. Nyenje waliokuwa wakipiga kelele nyuma ya madhabahu kila jioni wakanyamaza, na mtu mmoja akasema sasa angalau tutasali tukisikizana.

Chumba kikaanza kunuka. Si uvundo wa maiti, sitaki kuongeza chumvi. Ni harufu ya kitunguu saumu kilichooza, au ya samaki aliyesahaulika. Na sisi samaki tulikuwa nao! Gunia la omena lilikuwa humo humo. Nikawaambia vijana watoe omena waweke barazani, wakatoa. Harufu ikabaki. "Omena ikishaingia ukutani haitokangi," akasema mama mmoja wa kwaya ambaye kwao huuza omena, na nani atabishana na mtu wa kazi yake.

Jioni jioni mume wangu aliniuliza, "Mama amelalaje?"

"Vizuri. Hakuna mbu. Ni hiyo omena tu inamsumbua pua."

"Si mtoe?"

"Tumetoa."

"Basi sawa."

Nikikaa sasa na kuwaza, nywele zinanisimama. Katika kanisa lile lote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua harufu ile tangu utotoni, na ndiye mtu pekee ambaye hangeweza kuusogelea ule mlango.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Akasema ni baridi. Mtoto wa familia iliyolala karibu na ule mlango akatapika, tukasema ni maji. Watu walipita wakikohoa, na nani hakohoi mvua ikinyesha usiku na mchana? Kila dalili ilikuja ikiwa na maelezo yake mkononi. Nilikuwa na wasiwasi lakini sikujua niuweke juu ya nini. Nilikuwa nikipita kwenye ule mlango najikuta natembea haraka. Kuku mmoja wa msaada alifungwa kamba karibu na pale, akavuta mpaka akajikata mguu, tukamhamisha.

Siku yenyewe niliamkia kanisani mapema na chai. Mama hakuinywa. Alikuwa amekaa ameegemea magunia, uso una rangi ya majivu, na kando yake alikuwa ametapikia kwenye karai.

"Kifua kimekaza," akasema. "Kama mtu amenifunga leso hapa."

"Tunaenda hospitali sasa hivi."

"Mvua ikipungua."

"Mama, sikuulizi. Naita boda boda."

"Nipande pikipiki kwenye mvua hii nikafie njiani? Wewe mtoto una kiburi tangu tumboni. Mvua ikipungua nitaenda."

Tuligombana. Nilimwambia maneno, naye akaniambia maneno, na mwishowe nikafaulu kidogo, maana alikubali gari likipatikana ataenda. Nikampigia mtu mwenye gari, akasema barabara imejaa maji lakini atafika mchana. Nikamfunika, nikarudisha mlango ili baridi isimwingie. Mimi mwenyewe nilirudisha ule mlango. Nikaenda nyuma kusonga obusuma, ugali wa watu wote, kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, nimeinama kwenye moshi, nikitega sikio nisikie gari.

Yaliyotokea mbele ya kanisa nilisimuliwa. Mahindi tuliyokusanya, tuliyokuwa tukiwapimia watu kwa kopo la gorogoro, yalikuwa yamekwisha, na foleni bado ndefu. Mume wangu akasema, basi, ya baba yaanze, hatutaacha watu na njaa tukiwa na mahindi ndani. Akatuma vijana wawili. Walibisha, wakasikia kama mama ameitikia, wakaburuta gunia moja mpaka barazani. Mume wangu alikata uzi wa mdomo wa gunia kwa kisu, akainama achote.

Walisema alisimama wima kwanza, akiwa amejishika pua. Halafu akaingiza mkono kwenye mahindi mpaka begani, kama mtu anayezalisha ng'ombe, akatoa kifundo cha kitambaa. Akakifungua. Ndani mlikuwa na vumbi la kijivu. Hakueleza mtu yeyote. Alitupa kile kitambaa kwenye mvua akakimbia.

Mimi nilisikia sauti yake ikiita "Mama!" Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akimwita mama yangu kwa nguvu. Niliachia mwiko.

Nilipoingia kwa mlango wa kando nilimkuta amesimama kwenye kizingiti cha stoo. Mlango ulikuwa wazi, na yeye ameshika miimo yote miwili kana kwamba kuna mtu anamsukuma ndani na mwingine anamvuta nje. "Mama, toka!" alikuwa akisema. "Mama, nakuomba, toka nje! Kuna dawa humo! Hayo mahindi yana dawa!"

Na mama alimsikia. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Alimsikia vizuri sana. Alisikia sauti ya mkwe wake mlangoni, naye yuko kitandani, kichwa wazi, nguo zimempanda, matapishi kando. Nilimwona kwa chini ya mkono wa mume wangu. Alikuwa akijiburuta. Hakuwa akija mlangoni. Alikuwa akiingia ndani zaidi, kwenye pembe, nyuma ya magunia, akijivuta kwa viwiko na kulivuta blanketi nyuma yake.

"Usinione," alikuwa akisema. "Mkwe, usinione. Nenda nje."

Kadiri mume wangu alivyoita, ndivyo alivyozidi kujificha. Mume wangu aliacha kuita. Akafumba macho. Si kwa sababu ya ile dawa, nilimwuliza baadaye. Alifumba ili asimwone. Akaingia hivyo, macho yamefumbwa, mikono mbele, akajikwaa kwenye godoro, akapapasa gunia, akapapasa gunia jingine. "Uko wapi, mama?" Na mama kwenye pembe yake amenyamaza kimya kama mtoto anayecheza kujificha, asije akapatikana.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, walisema nilitukana. Niliingia, ile harufu ikanipiga kooni kama kofi, nikamshika mume wangu mkono, nikauweka kwenye bega la mama. Ndipo alipombeba. Alipita naye katikati ya kanisa, kichwa cha mama kwenye shingo yake, magoti ya mama wazi mbele ya watu wote, na yeye bado amefumba macho, mimi nikimwongoza kwa kiwiko mpaka nje kwenye mvua. Watu waligeuza nyuso zao. Hakuna aliyecheka.

Gari nililoliita lilikuwa halijafika, basi lori la ndizi lililokuwa pale ndilo lililotupeleka Kakamega. Njiani mume wangu alikaa nyuma, kwenye mvua, na mimi mbele nimempakata mama, maana heshima ilikuwa imerudi mahali pake. Hospitalini daktari kijana aliuliza amelala na mahindi hayo siku ngapi. Nilipomwambia, aliangalia chini. Alisema ile dawa ikigusa unyevu hutoa hewa, na hiyo hewa ndiyo inayoua wadudu ghalani, na haina dawa ya kuifuta ikishaingia mwilini. Watamwekea hewa safi na maji, na watautazama moyo. "Anaweza kuongea vizuri kabisa," akasema, "msidanganyike."

Nikiwa pale varandani mume wangu alimpigia baba yake simu, akaiweka kwa sauti kubwa nisikie. Mzee alielewa kabla hajamaliziwa.

"Si nilisema yasifunguliwe?" akalia. "Nilitaka dawa imalize kazi kwanza. Unyevu wa huko kwenu ungeyaoza, wadudu wangewamalizia watoto wa watu chakula. Nilijua mtayaweka stoo!"

"Yaliwekwa stoo, baba."

"Basi?"

Nikaichukua ile simu. "Baba, mama yangu alikuwa akilala humo."

Mzee akasema kwa sauti ndogo, kama anayeuliza njia, "Watu hawalalangi stoo."

Kuna watu hutamani nijilaumu. Huja wakakaa, wakanywa chai yangu, wakangoja niseme kwamba ningefanya hivi au vile. Sijilaumu. Nimekasirika, hilo ni jambo jingine. Namkasirikia mzee aliyetoa mahindi mazuri kuliko yote, halafu nakumbuka alitoa kwa moyo, hasira inakosa pa kukaa. Nakikasirikia kilima. Naikasirikia heshima, naichukia siku nyingine, halafu mkwe wangu mwenyewe wa kesho akitajwa, maana binti yangu anakua, najikuta naweka sauti chini na kujifunika kichwa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, husema watu. Mimi nimeona ya kutosha.

Mama alifariki jioni ile ile, taa za wodi zikiwa ndiyo kwanza zimewashwa. Lakini alasiri, kama daktari alivyosema, aliongea vizuri kabisa. Uso ulikuwa umepata rangi. Aliniambia niende nikawaambie vijana wayamwage yale mahindi kwenye turubai, jua likitoka, yapigwe upepo siku nyingi, yasitupwe, watu wana njaa. Akauliza kama obusuma niliyoiacha motoni iliungua. Nikamwambia sijui. "Imeungua," akasema. "Wewe na moto hamjawahi kupatana."

Kisha akauliza, "Yuko wapi?"

"Yuko nje, kwenye varanda."

"Amekula?"

"Hajala."

"Mwambie namshukuru. Mwambie ni mtoto mzuri." Akavuta shuka mpaka kidevuni ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Alinishika wapi?"

"Mkono, mama. Mkono tu."

Nilimdanganya, na ningemdanganya tena. Aliniangalia kwa muda, kama alivyokuwa akiniangalia nikirudi kutoka mtoni na maelezo mengi.

"Na macho?"

"Alifumba."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Tangu mlangoni mpaka nje. Kila mtu aliona."

Akafikiri juu ya hilo. Nilimwona akilipokea, na kwa mara ya kwanza tangu kilima kianguke uso wake ukalegea, akafurahi.

"Ndiyo maana alikawia kunipata," akasema.

Mume wangu huniuliza mpaka leo mama alisema nini juu yake. Namwambia alimshukuru, alisema ni mtoto mzuri. Hilo lingine sijamwambia.